Stroki ndefu, pistoni fupi

Juu ya meza yangu ya kazi kuna kipande cha alumini kisichozidi urefu wa kidole gumba. Kimepinda kidogo kama kigae cha chungu, upande mmoja unang'aa na upande uliovunjika una chembechembe za kijivu kama sukari. Ni sehemu ya ukuta uliotenganisha ringi ya kwanza na ya pili, zile bangili za chuma zinazoziba mwanya kati ya pistoni na silinda, kwenye pistoni namba 3. Ulivunjika kabla injini haijafikisha kilomita 2,000 tangu niifunge. Sijakitupa. Mtu akiniuliza anunue pistoni gani kwa injini anayotaka kuirefusha stroki, yaani mwendo wa pistoni kutoka chini kabisa hadi juu kabisa ya silinda, namwekea kwanza kipande hiki mkononi, ndipo tunaanza kuzungumza.

Injini yenyewe ni 4G63 ya Mitsubishi, silinda 4, lita 2, yenye turbo. Kiwandani ilitoka na kipenyo cha silinda cha milimita 85 na stroki ya milimita 88. Nikaitoa krenki yake, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na kuingiza ya ndugu yake, 4G64, yenye stroki ya milimita 100. Silinda hazikutanuka hata kidogo, lakini ujazo ukapanda kutoka cc 1,997 hadi karibu cc 2,270. Ukikanyaga mafuta kwenye mizunguko 2,500 unasikia gari limebadilika: turbo inaamka mapema na gari linavuta mlimani bila kubembelezwa. Hiyo ndiyo raha ya stroka, injini iliyorefushwa stroki, na sijawahi kujuta kuitafuta.

Wazo si geni. Wamarekani walilifanya miaka mingi kwa V8 za Chevrolet: bloku (mwili wa injini) ya inchi za ujazo 350, krenki ya ile ya 400 iliyotoka mwaka 1970, jingo zake kuu, yaani sehemu za krenki zinazozunguka ndani ya bloku, zikasagwa kutoka inchi 2.65 hadi 2.45 ili zikae kwenye bloku ndogo, silinda zikatanuliwa kidogo, ikazaliwa 383. Leo krenki za namna hiyo zinauzwa zikiwa tayari na hakuna anayehangaika kusaga. Kisichokwisha kuuliziwa ni kile kinachokaa kati ya krenki na moto, yaani pistoni na konrodi, fimbo inayoiunganisha pistoni na krenki.

Mara ya kwanza nilichagua kwa namba ya nguvu farasi. Tangazo la muuzaji lilisema pistoni zile zinahimili nguvu kadhaa, namba ilikuwa kubwa kuliko niliyoitaka, nikaridhika. Leo naamini namba hiyo ndiyo ya mwisho kuangaliwa. Nguvu farasi zinatokana na msukumo wa gesi, na gesi inasukuma konrodi kutoka juu, inaibana. Chuma cha konrodi kinavumilia sana kubanwa. Kinachoivunja mara nyingi ni kuvutwa, na anayeivuta ni uzito wa pistoni yenyewe.

Tazama pistoni inapofika juu kabisa mwishoni mwa kutoa moshi. Valvu za kutolea moshi hazijafunga, za kuingiza hewa zimeanza kufunguka, hakuna shinikizo lolote juu ya pistoni la kuisaidia kusimama. Inapanda kwa kasi, na konrodi peke yake ndiyo inayoikamata na kuirudisha chini. Tuseme pistoni, pini inayoishikilia kwenye konrodi, ringi na kichwa kidogo cha konrodi vina gramu 600 kwa pamoja. Kwa stroki ya milimita 88, konrodi ya milimita 150 na mizunguko 7,000 kwa dakika, mvuto huo unafika karibu tani 1.9. Badilisha stroki tu, weka 100, mvuto unakuwa karibu tani 2.2. Na kwenye mizunguko hiyo unarudi mara 3,500 kila dakika, kwa kila konrodi, juu ya bolti mbili ambazo kila moja ina unene wa kidole kidogo.

Ongezeko hilo la asilimia 17 halimo kwenye tangazo la muuzaji. Wala halitokani na turbo. Hata ungeiendesha bila turbo kabisa, ukiifikisha 7,000 mvuto ni uleule.

Nilipoendelea na hesabu nikakuta jambo lililonifanya niweke kalamu chini. Mvuto hukua kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo kupunguza mizunguko kidogo kunapunguza mzigo sana. Stroki ya 100 kwenye mizunguko 6,500 inaivuta konrodi karibu sawa na stroki ya 88 kwenye 7,000. Mizunguko 500 tu, na deni la krenki mpya limefutika. Kwa kuwa injini ya stroki ndefu inatoa nguvu yake chini, mizunguko hiyo ya juu wala haikuwa na faida kubwa kwangu barabarani. Kabla ya kununua chuma chochote, nikaandika kwenye daftari: mwisho 6,800. Kila chaguo lililofuata lilianzia kwenye namba hiyo, na kama ningekuwa na nafasi ya kumwambia mtu jambo moja tu kuhusu stroka, ningemwambia aandike yake kabla ya kufungua ukurasa wa muuzaji yeyote.

Stroki ndefu inaleta na jambo la pili, la pembeni. Krenki ikiwa imetupa mkono wake mbali zaidi, konrodi inalala zaidi. Kwa 88 ililala hadi nyuzi 17, kwa 100 inalala nyuzi 19 na nusu. Kulala huko kunaisukuma pistoni ukutani kwa nguvu iliyoongezeka kama asilimia 15. Ndiyo maana skati ya pistoni, ile sehemu ya chini inayoteleza kwenye silinda, si mapambo. Watu wanaokata skati kupunguza gramu kwa ajili ya mashindano ya dakika chache wana sababu zao, lakini injini ya kuendeshwa kila siku inahitaji skati ya kuegemea, hasa pale ambapo stroki ndefu inaishusha pistoni hadi karibu kuchungulia nje ya silinda.

Halafu kuna nafasi. Hapa ndipo stroka inapokuwa tofauti na ujenzi mwingine wowote wa injini, na hapa nitakaa kidogo.

Bloku ya 4G63 ina milimita 229 kutoka katikati ya krenki hadi uso wa juu ambapo gasketi inakaa. Ndani ya hizo 229 lazima vikae vitu vitatu: nusu ya stroki, urefu wa konrodi, na kimo cha pistoni kutoka katikati ya pini hadi kichwani. Kiwandani ni 44, jumlisha 150, jumlisha 35. Inatimia 229 kamili. Sasa stroki ni 100, nusu yake 50. Zile milimita 6 zilizoongezeka hazina pa kwenda isipokuwa zitolewe kwenye konrodi au kwenye pistoni. Ukibaki na konrodi ya 150, pistoni inakuwa na kimo cha 29. Milimita 29 za kubeba pini, ringi 3, kuta zake, bakuli la kichwani, na unene wa kutosha usiyeyuke.

Kuna shule ya fikra inayotaka konrodi ndefu iwezekanavyo, ili isilale sana. Kuna konrodi za 156 zinazopatikana kwa injini hizi. Ukiziweka kwenye bloku yangu, pistoni inabaki na milimita 23. Nilishika pistoni ya kimo kama hicho mara moja. Ilikuwa kama kifuniko cha chupa. Konrodi ya 156 ina mahali pake kwenye bloku ya 4G64, ambayo ina milimita 235, na huko pistoni inarudi 29. Kwenye bloku ya 229, kupunguza ulalo wa konrodi kwa nyuzi isiyofika moja huku ukiipora pistoni milimita 6 za nyama ni biashara mbaya. Wenye V8 wana mjadala uleule: kwenye 383, konrodi ya inchi 5.7 inaiacha pistoni na kimo cha milimita 36, na ya inchi 6.0 inaiacha na milimita 28.6. Zote mbili zinafanya kazi. Kwa gari la barabarani ningechukua 5.7 na kulala usingizi.

Pistoni ikishakuwa fupi namna hiyo, pini inapanda juu hadi kukutana na mfereji wa ringi ya oili. Kwenye pistoni zangu za sasa, ukiangalia ndani ya mfereji huo pande mbili za pini, sakafu yake imekatika; unaona tundu la pini. Ringi ya oili ni nyembamba, haiwezi kuegemea hewa. Kwa hiyo kiwanda kinaleta ringi ya ziada ya chuma, bapa, inayotandikwa chini yake kama daraja. Kwenye daraja hilo kuna kichunusi kidogo kilichogongwa. Kichunusi kinatakiwa kielekee chini na kikae ndani ya uwazi wa pini, ili kikizuie chuma hicho kuzunguka hadi mwanya wake ukaangukia kwenye tundu. Nilikitafuta kwa ncha ya ukucha, kikaonekana baadaye chini ya taa. Ukikigeuza juu, ringi ya oili inanyanyuka upande mmoja na injini inakunywa oili tangu siku ya kwanza. Kuna watu wanaoogopa pistoni za aina hii wakidhani ni lazima zivute moshi. Zikifungwa vizuri hazivuti.

Sasa aloi. Pistoni za kawaida za magari husubiwa: alumini inayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Zipo zenye silikoni nyingi, asilimia 16 hadi 18, ambazo ni ngumu, hazitanuki sana kwa joto na zinadumu muda mrefu kwenye injini tulivu. Za kwangu za kwanza zilikuwa za namna hiyo. Ubaya wake ni kwamba hazijui kupinda. Mzigo ukizidi, zinapasuka kama sahani, na kile kipande cha mezani kwangu ndicho ushahidi: ukikiangalia mahali kilipokatika, hakuna dalili ya chuma kunyooka kabla ya kuvunjika.

Pistoni za kufuliwa hutoka kwenye donge la alumini lililogandamizwa kwa mashine ya nguvu nyingi hadi likafuata umbo. Chembe zake zimeshikamana, hakuna vijitundu vya hewa. Katika hizo kuna aloi mbili ambazo utakutana nazo kila mahali, 4032 na 2618. Ya kwanza ina silikoni kama asilimia 12. Ya pili ina silikoni kidogo sana, chini ya robo ya asilimia moja, na nguvu yake inatokana na shaba na magnesi. Inafurahisha kujua kwamba 2618 ni ya ukoo mmoja na aloi iliyojenga mwili wa ndege ya Concorde, iliyochaguliwa kwa sababu haikulegea kwenye joto la kuruka kwa kasi kuliko sauti.

Tofauti yake kwa mtumiaji ni hii. 2618 hutanuka zaidi kwa joto, kama asilimia 15 zaidi ya 4032. Kwa pistoni ya milimita 85, kila nyuzi 100 za joto 4032 inaongezeka upana kama milimita 0.165 na 2618 karibu 0.19. Ndiyo maana 2618 inafungwa ikiwa na mwanya mkubwa zaidi kati yake na silinda, na asubuhi injini ikiwa ya baridi unaisikia ikigonga ukuta, toko toko toko, mpaka ipate joto. 4032 inakaa kimya, na kuta za mifereji yake haziliwi haraka. Lakini 2618 ina kitu ambacho 4032 haina kwa kiwango hicho: ikizidiwa, inakubali kupinda kabla ya kuvunjika. Mafuta yakilipuka kabla ya wakati mara mbili tatu, inaweza kupata kovu na kuendelea kukufikisha nyumbani.

Mzee mmoja fundi wa kutanua silinda, mtu aliyekula chumvi nyingi kwenye mashine hiyo, hakuniambia nichukue ipi. Alizungusha pistoni mpya mkononi, akauliza, "Kijana wangu, nani atakayeseti mafuta na moto wa injini hii?" Nikamjibu ni mimi mwenyewe, najifunza. Akanirudishia pistoni. "Basi chukua inayosamehe." Nikachukua 2618. Kama injini isingekuwa na turbo, au ingekuwa imeshasetiwa na mtu mwenye uzoefu na inaanza safari fupi za baridi mara nne kwa siku, ningechukua 4032 bila kusita, na watu wengi wanaonunua 2618 kwa ajili ya jina tu wangefaidika zaidi nayo.

Lakini lazima niseme ukweli kuhusu pistoni namba 3. Aloi ilichangia jinsi ilivyovunjika. Kilichoivunja ni mwanya wa ringi, na mwanya huo niliuacha mimi.

Ringi si duara kamili, ina mwanya, na mwanya huo upo kwa sababu ringi inarefuka ikipata joto. Ringi ya silinda ya milimita 85 ukiinyoosha ina urefu wa karibu milimita 267. Kila nyuzi 100 ambazo ringi inakuwa na joto kuliko ukuta wa silinda, inakula karibu milimita 0.3 ya mwanya. Turbo inaongeza joto. Ncha mbili zikikutana, ringi haina tena pa kurefukia. Inajikaza kwenye silinda huku pistoni ikiendelea kuivuta juu na chini, na kitakachoachia ni ukuta wa mfereji. Nilizitoa ringi kwenye boksi na kuzivisha moja kwa moja. Baada ya kuvunjika, niliingiza ringi ya silinda ya pili, ambayo ilikuwa bado nzima, ndani ya silinda yake na kuipima kwa fila geji, zile bapa nyembamba za kupimia mwanya: milimita 0.32. Ncha zake zilikuwa ziking'aa kama zimepigwa msasa laini. Huo mng'ao ni alama ya kugusana. Silinda ya pili ilikuwa njiani kuifuata ya tatu.

Kanuni inayotumika sana kwa ringi ya juu ni kuzidisha kipenyo cha silinda kwa 0.0045 kwa injini ya barabarani isiyo na turbo, na kufika 0.006 au zaidi kwa turbo ya nguvu. Kwa 85 hiyo ni 0.38 kwa upande wa chini na 0.51 kwa upande wa turbo. Safari hii nilisaga kila ringi kwa silinda yake, taratibu, kutoka nje kuelekea ndani ili mipako ya usoni isibanduke, nikaondoa makali kwa jiwe, nikaisukuma ringi chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, nikapima, nikaitoa, nikasaga tena. Ringi nne za juu zilinichukua jioni nzima. Zote ziko kati ya 0.50 na 0.52. Mwanya mkubwa kidogo unapoteza nguvu usiyoweza kuihisi, mwanya mdogo kidogo unapoteza injini.

Jambo jingine lililonipita mara ya kwanza ni kompresheni. Ukirefusha stroki bila kubadilisha kitu kingine, hewa nyingi zaidi inabanwa kwenye chumba kilekile. Injini yenye uwiano wa 8.5 kwa stroki ya 88 inakuwa 9.5 kwa stroki ya 100. Kwa turbo hilo si jambo dogo. Linasogeza injini karibu na ule mlipuko wa kabla ya wakati unaoua pistoni. Kurudi 8.5 kulihitaji chumba kiongezeke kama cc 9 kwa kila silinda, ambayo ni sawa na kukwangua milimita 1.6 kwenye kichwa chote cha pistoni ambayo tayari ni fupi. Nilikubaliana na 9.0, bakuli la ziada la cc 4 na kidogo. Ukiagiza pistoni za stroka, uliza bakuli lina cc ngapi na chini yake kumebaki unene gani. Muuzaji makini anayo majibu yote mawili.

Kuhusu konrodi nitakuwa mfupi zaidi, kwa sababu naamini watu wanabishania umbo kupita kiasi. Zipo za herufi I na zipo za herufi H, na zote zikifuliwa kwa chuma cha 4340, chenye nikeli, kromu na molibdeni, zinaweza kubeba kuliko injini nyingi za barabarani zitakavyowahi kudai. Kuna 300M, ambayo ni 4340 iliyoongezwa silikoni na vanadi, kwa wanaokwenda mbali zaidi. Za alumini zinapendwa kwenye mbio za magari za mita 400 kwa wepesi wake, lakini alumini huchoka. Kila mzunguko unahesabiwa na siku moja hesabu inaisha. Hazifai kwa gari la kwenda kazini. Nilichukua 4340 za herufi H, milimita 150. Kilichonifanya nizichague kuliko nyingine ni bolti zake, na kwamba tundu lake kubwa nililipima kwa mkono wangu likiwa limekazwa, na halikupishana kwa zaidi ya mikroni chache katika pande tatu.

Bolti ndiyo roho ya konrodi. Bolti nzuri ni springi. Unapoikaza inanyooka, na kule kunyooka ndiko kunakobana kifuniko. Ikinyooshwa kidogo mno, ule mvuto wa tani mbili unaifungua na kuifunga kila mzunguko hadi inachoka na kukatika. Ikinyooshwa kupita mpaka wake, hairudi tena. Bolti za aina inayoitwa ARP 2000 zina nguvu ya kuvutwa ya pauni 220,000 kwa inchi ya mraba, lakini nguvu hiyo haina maana ukizikaza kwa kubahatisha. Spana ya torki inapima ugumu wa kuzungusha, na sehemu kubwa ya ugumu huo ni msuguano wa nyuzi na kichwa. Badilisha oili ya kupakia, torki ileile inakupa mkazo mwingine. Kwa hiyo nilipima urefu. Bolti inapimwa kwa maikromita kabla ya kukazwa, inakazwa, inapimwa tena ikiwa mahali pake, na watengenezaji wengi wanataka irefuke kati ya milimita 0.13 na 0.15, karatasi ya konrodi zako ndiyo yenye neno la mwisho. Niliandika urefu wa asili wa bolti zote 8 kwenye daftari, kwa namba ya silinda na upande.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya nilichokikuta kwenye injini ya kwanza. Bolti zile nilizirudia kutoka kwenye konrodi za zamani. Baada ya ajali ya pistoni nilizitoa na kuzipanga juu ya kioo, na mbili kati ya nane zilikuwa ndefu kuliko wenzake kwa karibu milimita 0.05. Bolti iliyorefuka kwa kudumu zaidi ya milimita 0.025 ni ya kutupa. Maana yake ni kwamba pistoni namba 3 ilipovunjika iliniokoa. Laiti isingevunjika, miezi michache baadaye ningeokota konrodi barabarani na kuona barabara kupitia tundu la bloku.

Mizani ya jikoni yenye gramu haitoshi, lakini mizani ndogo ya sehemu ya kumi ya gramu inatosha. Nilipima pistoni, pini na konrodi, kila konrodi kwa ncha zake mbili kando kando, na tofauti kubwa ilikuwa gramu 1.4. Nikaisaga hadi chini ya nusu gramu. Kisha nikafunga kila kitu bila ringi, nikaweka tonge la udongo wa kufinyangia mahali ambapo bolti za konrodi hupita karibu na ncha ya chini ya silinda, nikazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Udongo wa silinda 1 na 4 ulikuwa umebanwa hadi milimita 0.9. Nilitaka angalau 1.5. Nikasaga bloku kidogo kidogo, nikaosha, nikarudia. Skati ya pistoni ya pili nayo ilikaribia kipuliza oili, nikakigeuza uelekeo wake. Sehemu imara kuliko zote duniani haina la kufanya ikigonga bloku.

Injini hiyo sasa ina kilomita 31,000. Mwezi uliopita nilishusha sampu, karai la oili chini ya injini, kwa sababu nyingine, nikashindwa kujizuia. Nikafungua kifuniko cha konrodi ya tatu, nikatoa bolti zake mbili, nikazisubiri zipoe hadi joto la chumba, nikafungua daftari. Moja ilirudi kwenye urefu wake wa siku ile bila tofauti yoyote. Nyingine ilikuwa imezidi kwa milimita 0.005. Nikazipaka oili yake, nikazirudisha upande zilikotoka, nikazikaza kwa kupima urefu, nikaandika tarehe.